Beringi ya Tatu

Jumatano, 13 Julai 1994
Bunda

Grisi imeingia tena chini ya kucha. Nimesugua kwa majivu, haitoki. Mama mdogo ananiangalia nikisonga ugali, anasema mikono yangu imekuwa ya fundi baiskeli. Nimechoka.

Leo kama jana. Kufagia kuzunguka mashine, kisha kushuka handakini na Mzee Mafuru. Handaki liko chini ya sakafu ya kiwanda. Refu, jembamba, giza. Humo inazunguka shafti kuu, chuma kirefu kinachochukua nguvu ya injini na kuigawa kwa mikanda hadi kwenye mashine za kuchambulia pamba huko juu. Shafti imekalia beringi sita. Kazi ya Mzee Mafuru ni kuzipa grisi na kuzigusa kama zina joto. Anazigusa kwa mgongo wa mkono, kama mtu anayempima mtoto homa. Kazi yangu ni kushika tochi.

Pamba laini inadondoka kutoka juu mchana kutwa. Humo chini imelala kila mahali kama manyoya ya kuku siku ya sikukuu. Inafunika viatu.

Wambura, mwenzangu wa darasa, yuko juu, analisha mashine. Ana bahati. Huko kuna mwanga.

Mzee Mafuru hanipendi. Nikimwamkia anaitikia kwa kukohoa.

Alhamisi, 14 Julai

Nimejua kwa nini hanipendi. Wakati wa chai nilimuuliza mbona hanifundishi, ananisimamisha tu na tochi kama nguzo. Akatema mate pembeni.

"Binti, hiki kiwanda kilikuwaga cha ushirika. Sasa amekikodi tajiri. Tajiri anataka watu wachache. Mmekuja ninyi, hamlipwi, mnapewa chai na maharage. Nikikufundisha nitakuwa nimejifukuza mwenyewe."

Nikamwambia sisi tumekuja kwa mazoezi tu. Shule ya ufundi ndiyo imetuleta. Bila alama za kiwandani hatuwezi kufanya mtihani wa vitendo, na bila mtihani huo kidato cha nne chote kimekwenda bure.

"Najua," akasema. "Hata kisu hakijui kinachokata."

Sikupenda kuitwa kisu. Lakini neno limenikaa. Kabla hatujaja, handakini kulikuwa na msaidizi. Mfagiaji alikuwepo. Juu, kwenye mashine anayolisha Wambura, kulikuwa na mama mmoja wa Nyamuswa. Wote hawapo. Sikuuliza wako wapi.

Wambura anasema niache kuwaza mambo ya wakubwa. Kwao Butiama yeye ndiye wa kwanza kufika kidato cha nne. Baba yake ameshauza ng'ombe kwa ajili yake. Meneja amemwambia kijana mwenye juhudi anaweza kubakishwa hapa akimaliza shule. Amelirudia mara tatu tukitembea kurudi nyumbani.

Mimi Meneja hajaniambia kitu.

Ijumaa, 15 Julai

Dizeli haikufika. Injini kimya tangu asubuhi. Kiwanda kikinyamaza unasikia popo kwenye mabati.

Nilimwomba Mzee Mafuru tufungue beringi ya tatu. Hiyo ndiyo yenye joto. Nyingine zinakuwa vuguvugu, hiyo inachoma. Alikataa, kisha akaenda kuleta spana. Tuliifungua pamoja. Bushi, ile pete nene ya shaba ambayo shafti inazungukia ndani yake, imelika upande mmoja hadi imekuwa nyembamba kama ganda la yai. Shafti inacheza. Ndiyo maana handaki lote linatetemeka tukifika hapo.

Mzee Mafuru aliomba bushi mpya tangu msimu uliopita. Wakati wa ushirika waliambiwa hakuna vipuri nchini. Sasa vipuri vipo Mwanza, madukani, anavyotaka mtu. Tajiri ndiye hanunui.

Nilimwambia bushi naweza kuitengeneza. Tumefundishwa. Alinitazama muda mrefu, halafu akachukua tochi, akanimulikia nipime. Vipimo alivirudia kwa sauti, kimoja alikosea, nikamsahihisha, akakasirika.

Nimefurahi. Sijui kwa nini naogopa wakati huohuo.

Jumapili, 17 Julai
Musoma

Nimelala kwa Shangazi, Kigera. Jana yote na leo nusu siku nimekuwa karakana ya shule. Mwalimu Chirangi alitoka kwake Bweri kwa baiskeli kuja kunifungulia, ingawa ni likizo na nyumba yake mpya inasubiri mabati. Alichimba kwenye chuma chakavu, akapata kipande cha shaba cha pampu ya zamani. "Usikiharibu," akasema. "Kingine hakuna."

Umeme wa mgawo. Ulikuja jana mchana, nikaanza kukereza, ukakatika nikiwa nusu. Nimekaa mbele ya mashine nikisubiri, nikiogopa kipande kisije kikasogea. Leo asubuhi umerudi wakati watu wako kanisani. Nimemaliza. Nimekata pete katikati iwe vipande viwili, ili ifungwe bila kuitoa shafti nzima. Kazi ya nusu siku, injini ikizimwa.

Mwalimu aliipima kila upande. Hakusema nzuri. Aliifunga kwenye kitambaa chake mwenyewe na kunipa. Kwake hiyo ni sifa.

Kisha akauliza, "Meneja anajua?"

Nikasema nitamwambia. Mwalimu akakuna kichwa. Alisema ameomba nafasi hizo za kiwandani kwa miaka, milango yote ilikuwa inafungwa, huyu ndiye wa kwanza kukubali wanafunzi. "Zungumza naye kwa adabu, Nyasatu."

Nitazungumza kwa adabu.

Jumanne, 19 Julai
Bunda

Malori yamepanga foleni hadi barabarani. Mwaka huu kila mtu ananunua pamba, si ushirika peke yake. Kuna watu wenye mizani yao wanapita vijijini hadi kwetu Kibara. Tajiri anataka kuchambua haraka kabla wengine hawajamzidi. Injini haizimwi hata wakati wa chakula.

Nimempelekea Meneja ile bushi. Nilimwamkia, nikasimama. Aliigeuza mkononi, akasema kazi nzuri sana, shule yenu inafundisha. Nikaeleza beringi ya tatu, joto, pamba iliyojaa handakini, nusu siku tu. Alinisikiliza akitabasamu. Akasema msimu ukiisha tutaifunga.

"Msimu unaisha lini, Meneja?"

"Ukiisha."

Ameiweka mezani kukandamizia karatasi zisipeperuke na feni.

Ijumaa, 22 Julai

Wamepunguza watu.

Waliitwa ofisini mmoja mmoja baada ya chai. Karibu wazee wote wa zamu yetu. Walitoka wakitazama chini. Mzee Mafuru aliitwa mwisho. Alipotoka alipita handakini kuchukua koti lake, hakunitazama, akaniwekea kopo la grisi miguuni. Tochi akaondoka nayo. Ilikuwa yake.

Nilitaka kusema pole. Mdomo haukufunguka.

Langoni alisimama na kugeuka. Watu walikuwa wengi, madereva, wapakiaji, akina mama wauza uji. Alipaza sauti kuliko nilivyojua anaweza.

"Meneja! Mkiendelea hivi hiki kiwanda kitaungua chote! Kitaungua, na mimi nitakaa hapo ng'ambo nikitazama!"

Watu wengine walicheka. Mlinzi alimsukuma nje.

Mimi sikucheka. Alikuwa anazungumzia beringi ya tatu. Sidhani kama yuko mwingine aliyeelewa hivyo.

Jumatatu, 25 Julai

Handaki ni langu. Nimepewa ovaroli pia. Ya Mzee Mafuru, imekatwa mikono.

Mchana nilikuwa peke yangu humo, na kandili, kwa sababu tochi hawajanunua. Kandili kwenye pamba! Niliizima. Nimefanya kazi kwa kupapasa. Beringi ya kwanza, vuguvugu. Ya pili, vuguvugu. Ya tatu nilishindwa kuacha mkono. Nimeipa grisi, ikayeyuka na kutiririka kama mafuta ya samaki kwenye kikaango.

Nilianza kufagia pamba niitoe nje kwa gunia. Kila nikitoa, nyingine inashuka.

Jioni waliopunguzwa walikuwa langoni wanasubiri stahili zao. Tulipita katikati yao mimi na Wambura. Mama mmoja akasema kwa sauti tusikie, "Hao ndio waliokula kazi zetu." Mtu wa umri wa mama yangu. Nilimwamkia, hakuitikia.

Mzee Mafuru alikuwa amechuchumaa pembeni. Aliuliza kitu kimoja tu. "Ya tatu?"

"Inachoma, Mzee."

Akatikisa kichwa. Ndiyo maongezi yetu yote.

Jumanne, 26 Julai

Nimefukuzwa. Au nimeondoka. Sijui niandike lipi.

Baada ya chai nilishuka nikanusa kitu. Si moshi. Ni kama pasi ya mkaa iliyosahauliwa kwenye shuka. Karibu na beringi ya tatu pamba ilikuwa imegeuka rangi ya chai. Niliigusa ikavunjika.

Nilipanda mbio hadi ofisini. Niliingia bila kubisha. Nikamwambia Meneja azime injini. Nadhani nilipiga kelele. Adabu niliisahau.

Alisema nimwagie oili nyingi, niendelee. Nikasema sishuki tena mpaka bushi ifungwe. Bushi ilikuwa hapo mezani, mbele yetu wote wawili, juu ya karatasi.

"Basi nenda nyumbani," akasema. Hakukasirika hata kidogo, na hilo ndilo linaloniudhi. "Nitamwandikia mwalimu wako kwamba umekataa kazi. Wambura atashuka."

Nilimfuata Wambura kwenye mashine yake. Nikamsemea sikioni kwa sababu ya kelele. Usishuke. Tafadhali usishuke. Twende wote, Mwalimu atatuelewa.

"Wewe Mwalimu wako atakuelewa," akasema. "Mimi nikirudi bila alama, baba atauza nini tena?"

"Kutaungua."

"Nitakuwa mwangalifu."

Alikuwa anavua shati lake zuri ili lisichafuke. Alilikunja vizuri akaliweka juu ya gunia. Nikaondoka.

Jumatano, 27 Julai

Sijatoka. Nimefua nguo zote za mama mdogo, hata zilizo safi. Upepo ukitoka upande wa kiwanda nasikia injini. Ikisikika, natamani inyamaze. Ikinyamaza kidogo, moyo unaruka.

Mama mdogo anasema zamani, nilipokuwa mdogo, sabuni ilikuwa ya kupanga foleni siku nzima na unarudi mikono mitupu. Sasa sabuni iko kila duka, kazi ndiyo hakuna. Anasema ningeinamisha kichwa tu, msimu upite.

Labda. Nimejiuliza mara nyingi leo kama mimi ni mwoga.

Alhamisi, 28 Julai

Kimeungua.

Ilikuwa alasiri. Kwanza injini ilinyamaza. Kisha watu wakaanza kukimbia barabarani, nami nikakimbia. Moshi mweupe, mzito, ulitoka kwenye madirisha yote kwa pamoja. Pamba haiungui kwa ndimi kubwa. Inaungua ndani kwa ndani, na unapouona moto umeshachelewa.

Nilipofika walikuwa wanawatoa watu wa juu. Niliita Wambura. Kila niliyemshika mkono nilimuuliza Wambura yuko wapi. Walinionyesha mlango wa handaki.

Mzee Mafuru alikuwa ameshaingia. Wanasema alikuwa langoni na wenzake, akaruka ukuta, akalowesha gunia kwenye pipa la maji, akajifunika na kushuka. Hakuna aliyemtuma. Meneja alikuwa kwenye gari lake, vioo vimefungwa.

Alitoka anamburuta Wambura kwa kwapa. Nilimuona Wambura. Mikono yake. Sitaandika.

Mzee Mafuru alikaa chini akakohoa mpaka akatapika. Nyusi zote zimeungua. Nilimpa maji. Alikunywa, akasema, "Alikuwa anapapasa kuutafuta mlango. Alikuwa karibu kabisa."

Ghala la marobota linaendelea kuungua hadi sasa ninapoandika. Harufu iko hata kwenye mto wangu.

Ijumaa, 29 Julai

Wamemkamata Mzee Mafuru.

Asubuhi hii, kwake, mbele ya wajukuu. Inasemekana ndiye aliyechoma kiwanda. Alitishia mbele ya watu, wanasema. Aliruka ukuta, wanasema. Na Wambura, akiwa kitandani, amesema alimwona mzee huyo handakini kabla ya moto.

Kabla ya moto.

Nimeenda hospitali, nikazuiwa. Ndugu tu, kwa amri. Mama yake Wambura amefika kutoka Butiama, amekaa kwenye benchi, miguu haigusi chini. Mwanamke mdogo sana. Aliniambia Meneja ni mtu mwema, ameahidi kulipia dawa zote, na kijana akipona atakuwa na kazi ya ofisini isiyohitaji mikono.

Nilimwamkia tena kana kwamba ndiyo kwanza nafika.

Jumapili, 31 Julai
Kibara

Nimekuja nyumbani kuwaona wazazi. Baba amenisikiliza mpaka mwisho, anashona nyavu, hakuinua macho. Kisha akasema mambo haya ya Bunda yana wenyewe. Mafuru si wa ukoo wetu. Mimi nina mtihani mwezi wa kumi.

Mama alinipikia samaki wa furu. Baadaye, tukiosha vyombo ziwani, akauliza, "Huyo mzee angekaa tu langoni, nani angemlaumu?"

Nikasema hakuna.

"Basi," akasema. Akaendelea kusugua sufuria.

Usingizi hauji. Nimeamua.

Jumatatu, 1 Agosti
Bunda

Nimekwenda kituoni. Nilisubiri kwenye benchi asubuhi yote.

Mpelelezi ni mtu mpole, anaongea taratibu. Nikamweleza yote. Beringi. Grisi iliyoyeyuka. Pamba yenye rangi ya chai. Nilivyomwambia Meneja, mara ngapi. Hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza, "Na wewe ulifukuzwa?"

"Niliondoka, Afande."

"Yeye anasema alikufukuza. Kwa hiyo una hasira naye, kama yule mzee. Unaona ninavyoona mimi?"

Niliona. Kisha nikamwambia kama nilikuwa na hasira tu, kwa nini nimetengeneza bushi kabla ya hasira? Nani anatengeneza dawa ya ugonjwa usiokuwepo? Amuulize Mwalimu Chirangi, Musoma. Ndiye aliyenipa shaba.

Alisema ataangalia. Akaniambia pia nijihadhari na maneno yangu, Meneja ana mawakili.

Nilipotoka nilisikia kikohozi kutoka nyuma ya jengo. Nakijua kikohozi hicho. Nilisimama mpaka askari akaniambia niende.

Jumatano, 3 Agosti
Musoma

Nimemfuata Mwalimu kwake Bweri. Nyumba bado haina mabati. Mke wake alinikaribisha kiti, akatoka nje na watoto.

Mwalimu amepata habari tayari. Mkuu wa shule amemwambia shule isiingie. Viwanda vingine vikisikia wanafunzi wanakwenda polisi, hakuna atakayetupokea tena. Kozi yenyewe inaweza kufutwa. Alieleza haya yote akitazama kuta zake.

"Mwalimu," nikasema, "siombi useme Meneja ana makosa. Sema tu nilitengeneza nini, na lini."

Alinisindikiza hadi njia panda, kimya, kisha akarudi.

Nimemchukia. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo leo.

Ijumaa, 5 Agosti
Bunda

Mama yake Wambura amenipitisha. Aliwaambia mimi ni dada yake.

Chumba kinanuka dawa na ndizi mbivu. Kuna kreti ya soda chini ya kitanda, ya Meneja. Wambura amefungwa bandeji mpaka viwiko. Amekonda. Aliponiona alifunga macho.

Nilikaa. Sikumsema. Nikamnywesha soda kwa mrija. Alikunywa nusu.

Halafu akasema mwenyewe, macho bado yamefungwa. "Sikuona mtu. Nilikuwa peke yangu. Beringi ililia, kama mbuzi, halafu ikawaka. Nilijaribu kuuzima moto kwa mikono."

"Najua."

"Meneja alikuja siku ileile, nina maumivu, nina sindano. Akasema ulimwona Mafuru, si ndiyo? Nikasema ndiyo. Ningesema ndiyo kwa chochote."

"Aliyekutoa ni nani, Wambura?"

Alifungua macho. Alisema hakumbuki. Aliambiwa ni wazima moto. Nikamwambia Bunda haina wazima moto. Nikamwambia ni nani.

Hakulia. Aligeukia ukutani na hakunigeukia tena. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya uji. Sijui alisikia kiasi gani.

Jumanne, 9 Agosti

Hakuna kipya. Kiwanda kinatoa moshi mwembamba bado. Wakulima wamelala na magunia yao kando ya barabara, hawajui wapeleke wapi.

Gari la Meneja halionekani tangu Jumapili. Wanasema yuko Mwanza.

Ijumaa, 12 Agosti

Wamemwachia.

Nilipata habari sokoni, nikaacha mboga za mama mdogo kwa muuzaji. Nilimkuta njiani anatembea peke yake, viatu mkononi, vimekuwa vidogo kwa sababu miguu imevimba. Nyusi zimeanza kuota. Alinieleza kwa kifupi, kama mtu anayeeleza bei ya kitu.

Mama yake Wambura ndiye aliyekwenda kwanza. Alirudisha kreti ya soda kwenye lango la kiwanda, chupa zote, kisha akaenda kituoni na kusema mwanawe ana neno. Mpelelezi akamfuata mpaka kitandani kwa Wambura. Wambura akasema. Siku iliyofuata alikuja mwalimu mmoja kutoka Musoma, kwa baiskeli, njia yote, vumbi hadi kwenye kope. Akasema nilitengeneza nini, na lini.

Njia yote ile kwa baiskeli. Nimeona aibu kwa nilivyoandika.

Nilimwambia Mzee Mafuru pole. Safari hii mdomo ulifunguka. Akaitikia, "Nimeshapoa." Akauliza kijana anaendeleaje. Kisha akasema anakwenda kulala, mke wake anasubiri, na akaendelea na njia yake. Hakunishukuru, nami sikutaka anishukuru.

Hakuna aliyekamatwa badala yake. Wanasema ilikuwa ajali.

Jumapili, 21 Agosti
Butiama

Nimemtembelea Wambura kwao. Ametoka hospitali wiki hii. Mawe makubwa nyuma ya nyumba, mbuzi wamelala juu yake. Baba yake alinipa kiti akaenda zizini, hapendi kukaa wageni wakimtazama mwanawe.

Bandeji zimetolewa. Vidole vya kulia vimeshikana vitatu. Vya kushoto vinajikunja, havinyooki. Daktari amesema labda kwa mazoezi.

Mtihani wa vitendo hatafanya. Shule itamruhusu nadharia, atasema na mtu atamwandikia. Mimi nitafanya, Mwalimu Chirangi amenipa alama zake mwenyewe, za ile bushi. Nilimwambia Wambura hivyo kwa sababu asingependa kusikia kwa mtu mwingine. Akasema vizuri. Nadhani alimaanisha.

Tulipukuchua mahindi na mama yake. Mimi na mama. Wambura alikuwa anasukuma magunzi kwa mguu yasitawanyike. Aliniuliza habari za watu wa darasa letu. Kiwanda hatukukitaja. Kuku walikuwa wanatusumbua.

Jua lilipoanza kushuka nikaaga. Alinisindikiza mpaka barabarani. Gari la kwenda Musoma lilikuwa linakuja, vumbi lake tumeshaliona. Tukasimama. Kisha akaninyooshea mkono wa kulia, ameukunja, ametanguliza kifundo, kama mtu aliyekutwa anakula, vidole vina ugali.

Nikamshika kifundo. Kilikuwa na joto la kawaida.

"Wasalimie," akasema.

Nikasema zimefika.